Kuongeza RAM katika kompyuta kuukuu ya mezani: inachoponya na isichoponya

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, swali moja limekuwa likirudiwa katika ofisi ndogo, maabara za shule na steshenari ambazo kazi zake zote za kuchapa hufanywa kwa kompyuta za mezani zilizoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Mashine ya umri wa miaka kumi au zaidi ikiongezewa RAM, yaani memori ya kazi, itapata nguvu ya kuendelea na kazi, na je, itakubali Windows 11? Muuzaji wa vipuri hujibu kwamba RAM ndiyo dawa ya kila kompyuta nzito, fundi wa jirani hushauri kununua mashine nyingine, na kijana aliyetazama video mtandaoni huchomeka flashi akisema hiyo nayo ni RAM. Majibu haya yanapishana kwa sababu yanachanganya mambo matatu yasiyo na undugu wa karibu: nafasi ya kufanyia kazi, kasi ya diski, na masharti ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows.

Suala la Windows 11 ni vema limalizwe mapema, maana jibu lake ni fupi. Mfumo huo unadai RAM ya GB 4 tu, kiasi ambacho hata kompyuta nyingi kuukuu tayari zinacho. Kinachozikwamisha ni kitu kingine: chipu ya usalama inayoitwa TPM ya toleo la 2.0, pamoja na prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za kukokotoa, iliyomo katika orodha ya Microsoft, orodha ambayo kwa upande wa Intel huanza kwa jumla na kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2012 ukiijaza RAM ya GB 32 bado itakataliwa, ilhali mashine dhaifu ya mwaka 2019 yenye GB 4 itapokelewa. Zipo njia za kuzunguka masharti hayo, lakini Microsoft haijajifunga kuzipelekea masasisho kompyuta zilizosimikwa kwa njia hizo. Anayetaka kubaki na Windows 10 nyumbani anaweza kujisajili katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, na anayeweza kuiacha Windows ana mifumo ya Linux, kama vile Linux Mint, ambayo hukaa vizuri katika RAM ya GB 4. Kwa hiyo asiongeze RAM mtu anayetafuta ruhusa ya kuingia Windows 11. Sababu ya maana ya kuiongeza ni moja tu, nayo ni kwamba nafasi iliyopo haitoshi kazi inayofanywa.

RAM ni nini, na inatofautianaje na diski

RAM ni memori ya kazi, yaani mahali ambapo kompyuta huweka programu na mafaili wakati yanapotumika. Diski, iwe ile ya kuzunguka au ile isiyo na sehemu inayosogea iitwayo SSD, ni hifadhi, mahali ambapo vitu hukaa hata umeme ukizimwa. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, hasa kwa watu waliozoea matangazo ya simu yanayoandika 4+64 au 8+256. Namba ya kwanza ni RAM, ya pili ni hifadhi. Kufuta picha na video ili diski ipate nafasi hakuongezi RAM hata baiti moja, na kununua diski kubwa zaidi hakuruhusu programu nyingi zaidi kufunguliwa kwa pamoja.

Mfikirie mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye fremu ndogo ya duka na stoo iliyo jengo la pili. Yeye ni prosesa, rafu zilizo nyuma yake ni RAM, na stoo ni diski. Mteja akiomba kitu kilicho rafuni, anageuka na kukitoa mara moja. Kisipokuwepo, lazima kijana atumwe stoo. Rafu zikijaa na mteja mpya akataka kitu kilicho stoo, jambo linakuwa baya zaidi, maana kwanza kitu fulani kiondolewe rafuni na kurudishwa stoo ndipo hicho kipya kipate pa kukaa, na pengine baada ya dakika mbili mteja mwingine anakiomba kile kile kilichorudishwa. Duka limejaa watu na kijana yuko barabarani tu. Kompyuta inapofikia hali hiyo, taa ya diski huwaka bila kupumzika, kipanya husitasita, na mtumiaji husema imekwama, ingawa kwa kweli inafanya kazi kwa bidii kubwa isiyo na tija.

Uzito wa safari hiyo ya stoo hauonekani mpaka utazame vipimo. Prosesa huchukua takriban nanosekunde 100 kufikia kitu kilicho katika RAM. Diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10 kulifikia faili lililo mahali pasipotarajiwa, yaani muda mrefu mara laki moja. Iwapo kutoa bidhaa rafuni kungechukua sekunde moja, basi kijana aliyetumwa stoo angerudi baada ya zaidi ya saa 27. SSD ya kawaida, inayohitaji kama sehemu ya kumi ya milisekunde, ingemrudisha baada ya dakika 17 hivi. Tofauti hizi mbili ndizo zinazoamua karibu kila jambo katika makala haya: kukosa nafasi rafuni ni ghali sana, lakini ukubwa wa hasara hiyo hutegemea stoo yenyewe iko umbali gani.

Kwa nini basi tusitumie RAM peke yake na kuachana na diski? Kwa sababu RAM husahau. Kila biti ndani yake ni chaji ndogo mno ya umeme iliyoshikiliwa na kijisehemu kinachovuja, hivyo kompyuta hulazimika kuiandika upya yote, kwa kawaida kila milisekunde 64. Umeme ukikatika, kila kitu kinapotea, na ndiyo maana barua ambayo haijahifadhiwa hupotea TANESCO wanapokata. Muundo huu wa kisehemu kimoja cha kutunza chaji na swichi moja ya kuilinda ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1968 kwa jina la Robert Dennard, mhandisi wa IBM, na miaka miwili baadaye Intel ikauza chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024 tu. Ingehitajika zaidi ya milioni 67 ya chipu hizo kufikia GB 8, kiasi ambacho leo hukaa kwenye kipande kimoja kinachoenea kiganjani.

Pima kabla ya kununua

Kosa linalogharimu watu fedha nyingi kuliko yote ni kununua kwanza na kuuliza baadaye. Kupima ni bure. Fungua kazi zako zote za kawaida kama zinavyokuwa saa ya pilika: kivinjari chenye kurasa ulizozoea, barua unayoandika, jedwali la hesabu, WhatsApp ya kompyuta, chochote kile. Kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha la Task Manager litafunguka. Katika sehemu ya Performance utaona mchoro wa memori na mchoro wa diski, na ukibofya ule wa memori, Windows 10 itakuonyesha pia kasi ya RAM uliyonayo na ni nafasi ngapi za kuchomekea vipande vya RAM, kati ya zilizopo, zimekwisha jazwa.

Ukikuta memori imetumika kwa asilimia 90 na zaidi huku diski nayo ikihangaika kwenye 100, umeona uhaba wa kweli, na RAM itakusaidia waziwazi. Ukikuta memori iko nusu lakini diski bado iko 100, ugonjwa ni wa diski, na RAM ya ziada haitabadilisha kitu. Zote mbili zikiwa zimetulia na prosesa ndiyo inayochemka, umri wa mashine ndio unaosema. Hali ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa na diski ile ile ya kuzunguka iliyofanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ng'ambo, na mwenye mashine huongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16 akashangaa kwamba bado inachukua dakika kadhaa kuwaka. Kwa maoni yangu, anayepewa uchaguzi kati ya nyongeza hiyo na kubadilisha diski kwa SSD achague SSD bila kusitasita. Lakini anayehangaika na GB 2 au 4 aanze na RAM, kwa sababu kivinjari cha kisasa hutenga kila ukurasa katika mchakato wake kwa ajili ya usalama, na kurasa chache tu pamoja na Windows yenyewe zinatosha kumaliza kiasi hicho.

Angalizo moja kuhusu kusoma mchoro huo. Windows hutumia RAM iliyo wazi kuweka nakala za mafaili yanayohitajika mara kwa mara, na huiachia papo hapo programu nyingine inapoihitaji. RAM iliyokaa bure haimfaidishi mtu. Kwa hiyo kuona namba kubwa kwenye neno Cached, ambalo ndilo la nakala hizo, wakati hujafungua mengi si dalili ya virusi wala ya uhaba.

Kiasi gani kinatosha? Kwa kazi za ofisi, kuandika, kuvinjari na kuchapisha, GB 8 zinatosha vizuri. GB 16 zinafaa kwa mtu anayehariri picha kubwa au video, anayefanya usanifu wa mabango, au asiyejua kufunga kurasa za kivinjari. Zaidi ya hapo, katika mashine ya mwaka 2012, prosesa itakuwa imechoka kabla RAM haijajaa.

Vizazi visivyooana

RAM za kompyuta za mezani za miongo miwili iliyopita hutambulika kwa jina DDR na namba ya kizazi. DDR2 ilianza kuenea baada ya mwaka 2003, DDR3 ilikuja mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na DDR5 ikaingia katika kompyuta za kawaida mwaka 2021. Vizazi hivi havichanganyiki. Ubao mama, yaani bamba kuu linalobeba prosesa na RAM, uliotengenezwa kwa DDR3 hautapokea DDR4 hata kama ni mpya na ghali zaidi, na hakuna mpangilio wowote wa programu unaoweza kuubadilisha. Umeme wenyewe ni tofauti: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2 na DDR5 volti 1.1. Ili mtu asiunguze kifaa kwa bahati mbaya, watengenezaji waliweka pengo dogo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu, na pengo hilo liko mahali tofauti katika kila kizazi. DDR2 na DDR3 zina meno 240 zote mbili na kwa macho ya haraka zinafanana, lakini pengo halilingani. Kipande kikikataa kuingia, hakihitaji nguvu zaidi. Kinakuambia kwamba si chake.

Mwaka wa kompyuta husaidia kukisia kizazi, ingawa si kigezo cha uhakika. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mashine inayoonekana sana katika maduka ya mtumba. Ile yenye kasha la kutosha ina nafasi nne za RAM, hupokea DDR3 ya kasi ya 1600, na kikomo chake ni GB 32. Hapo mambo ni mepesi, ila mwaka 2023 Dell ilitoa kompyuta nyingine mpya kabisa na kuipa jina lile lile la OptiPlex 7010, ambayo haitumii DDR3. Mtu anayetafuta RAM mtandaoni kwa jina la mashine peke yake anaweza kuletewa isiyoingia. Njia salama ni kuzima kompyuta, kuchomoa kipande kilichomo, na kwenda nacho dukani au kupiga picha ya lebo yake.

Lebo hiyo inatisha kuliko ilivyo. Tuseme imeandikwa 4GB 2Rx8 PC3-12800U. Ya kwanza ni ujazo wa kipande. PC3 inaonyesha kizazi cha tatu. Namba 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, na ukiigawa kwa 8 unapata 1600, kasi ile inayotajwa na wauzaji. Ndiyo sababu PC3-10600 ni sawa na DDR3 ya 1333. Ile 2Rx8 inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa. Herufi ya mwisho ndiyo ndogo kuliko yote na ndiyo inayoweza kukupotezea fedha. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. S ni ya kompyuta mpakato, fupi karibu nusu kwa urefu, ingawa baadhi ya kompyuta ndogo za mezani, kama vile Lenovo za aina ya Tiny, hutumia hiyo hiyo. R ni ya seva.

RAM za seva zenye herufi R hupatikana kwa wingi na kwa bei ya kuvutia, kwa sababu vituo vya data vinapobadilisha mitambo huziuza kwa jumla. Zinaingia kwenye nafasi ya kompyuta ya mezani bila shida, pengo linalingana, klipu zinafunga, na mashine haiwaki. Ubao mama wa kawaida hauna uwezo wa kuzungumza nazo. Mtego wa pili ni vipande vya GB 8 vya DDR3 vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya chini na maelezo madogo kwamba ni vya mashine zenye prosesa za AMD, mshindani wa Intel, tu. Hivyo vimepangiwa chipu kwa namna ambayo mashine za Intel za enzi hiyo hazikubali. Maelezo hayo madogo yaaminiwe.

Kuhusu kasi, mambo ni ya amani zaidi. RAM ya 1600 ikiwekwa katika ubao unaofika 1333, kama ilivyo kwa HP Compaq 8200 Elite ya mwaka 2011, itafanya kazi kwa 1333. Vipande viwili vya kasi tofauti vikiwekwa pamoja, vyote vitafuata kile cha polepole. Ile yenye alama PC3L, inayoweza kutumia volti 1.35, kwa kawaida hufanya kazi pia kwa volti 1.5 katika mashine za zamani. Kinyume chake si kweli, kwa maana kwamba RAM isiyo na alama ya L haifai kuwekwa katika mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya volti ndogo tu.

Mipaka ambayo fedha haiwezi kuivuka

Kila ubao mama una kikomo cha RAM, na pia una kikomo cha ujazo wa kipande kimoja. Bodi za kizazi cha Core 2 Duo, prosesa za Intel zilizotangulia Core i3, i5 na i7, zenye chipu ya G41 ni mfano mchungu: zikiwa na nafasi mbili za DDR3, hupokea GB 4 katika kila nafasi, lakini mara nyingi hudai kipande chenye chipu 16, nane kila upande, na hukataa kile chenye chipu nane tu hata kama ujazo wake ni ule ule. Kwa mwenye bodi kama hiyo, kuhesabu vijumba vyeusi vilivyo juu ya kipande ni jambo la lazima.

Kikomo kinacholeta malalamiko mengi zaidi, hata hivyo, hakimo kwenye chuma. Ni mfumo endeshi wa biti 32. Mfumo wa aina hiyo hupanga anwani za memori kwa namba zisizozidi 4,294,967,296, anwani moja kwa kila baiti, ambazo jumla yake ni GB 4. Sehemu ya anwani hizo hutengwa kwa ajili ya kufikia kadi ya picha na vifaa vingine, na Windows hubakiwa na GB 3 na kitu. Ofisi inayoongeza RAM hadi GB 8 huku ikiendesha Windows ya biti 32 imenunua GB 4 za mapambo, na mara nyingi lawama humwangukia muuzaji asiye na kosa. Kuangalia ni rahisi: katika mipangilio ya Windows, sehemu ya About huandika kama mfumo ni wa biti 32 au 64, na kama prosesa ni ya 64. Prosesa zote za Core 2 Duo na za Core i3, i5 na i7 za mezani zinaweza biti 64, kwa hiyo tatizo huwa ni aliyesimika Windows. Leseni ile ile ya Windows 10 hukubali toleo la biti 64, lakini hakuna kitufe cha kuhamia. Ni lazima usimike upya, na mafaili yahamishiwe kwanza mahali salama.

Windows 7, ambayo bado imo katika mashine nyingi ingawa huduma zake za kawaida zilikoma Januari 2020, ina vikomo vya kibiashara juu ya hivyo. Toleo la Starter halivuki GB 2. Home Basic ya biti 64 huishia GB 8, na Home Premium GB 16.

Wengi pia hushangaa kuona GB 8 zilizonunuliwa zikiandikwa kwamba zinazotumika ni 7.9 au pungufu kidogo. Hapo hakuna wizi. Kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake huazima sehemu ya RAM kwa ajili ya kuonyesha picha kwenye skrini.

Kipande kimoja au viwili?

Prosesa za mezani za miaka hiyo zina njia mbili za kuzungumza na RAM. Ukiweka kipande kimoja cha GB 8, njia moja hukaa bila kazi. Ukiweka viwili vya GB 4 katika nafasi zinazostahili, data hupita kwa njia zote mbili na upana unaongezeka maradufu. Prosesa ya Core i5-3470, inayopatikana sana katika OptiPlex tuliyoitaja, hufikia GB 25.6 kwa sekunde kwa njia mbili na nusu yake kwa moja. Hilo halimaanishi kwamba kompyuta itakuwa na kasi maradufu. Anayeandika barua hataona tofauti yoyote. Anayetazama video au kucheza michezo kwa kutumia picha za ndani ya prosesa ataiona, maana picha hizo hula kutoka katika RAM hiyo hiyo. Bodi nyingi hutofautisha jozi za nafasi kwa rangi ya nafasi au ya klipu, na kitabu cha mashine, ambacho kampuni kubwa huweka bure katika tovuti zao, huonyesha zipi zijazwe kwanza.

Je, lazima vipande viwe vya kampuni moja? Hapana. Samsung, SK hynix na Micron ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya chipu zote za RAM duniani, na kampuni nyingi zenye majina maarufu hununua chipu hizo na kuzibandikia lebo. Vipande vya lebo tofauti vyenye kizazi kimoja na aina moja hufanya kazi pamoja katika hali nyingi. Vinavyofanana kabisa hupunguza tu uwezekano wa ugomvi.

Kampuni hizo tatu ndizo pia zilizo nyuma ya bei zinazolalamikiwa sasa. Kuelekea mwisho wa mwaka 2025 zilielekeza uwezo mkubwa wa viwanda vyao kwenye memori za mitambo ya akili unde, na bei za DDR4 na DDR5 zikapanda kwa kasi. DDR3 inayouzwa leo kwa sehemu kubwa imechomolewa katika mashine zilizostaafu, jambo ambalo si baya hata kidogo. RAM haichakai kama diski au feni, na iliyofanya kazi miaka kumi bila hitilafu ina nafasi nzuri ya kuendelea.

Vitu vinavyojiita RAM

Flashi haiwi RAM. Windows Vista ilikuja mwaka 2007 na huduma iitwayo ReadyBoost, iliyotumia flashi kama kituo cha kati kati ya RAM na diski ya kuzunguka, na ilisaidia kidogo mashine za wakati ule zenye memori ndogo sana. Haikuongeza RAM wakati huo na haiongezi sasa. Simu zinazotangazwa kuwa na GB 8 za RAM pamoja na 8 za nyongeza hufanya jambo la jamii hiyo hiyo: ile nyongeza ni kipande cha hifadhi.

Programu zinazodai kusafisha RAM zina hila moja. Huzilazimisha programu zilizofunguka kuachia memori, mchoro ukashuka, mtumiaji akafurahi, kisha kila kitu kilichoondolewa kikaanza kurudishwa kutoka diski mara anapokihitaji. Mashine inakuwa nzito zaidi kwa dakika chache zinazofuata. Ushauri mwingine unaozunguka ni wa kufungua msconfig, dirisha la Windows la kupanga namna inavyowaka, na kuweka alama kwenye kisanduku cha Maximum memory. Kisanduku hicho kiliwekwa ili wataalamu waweze kuipunguzia Windows memori wakati wa majaribio. Hakiwezi kuiongeza, na ukiandika namba ndogo kwa bahati mbaya utaifungia RAM uliyoilipia.

Kuiweka, na kuijaribu

Kazi yenyewe haichukui robo saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Fungua kasha na uguse chuma chake kitupu kabla ya kushika RAM, maana umeme tuli wa mwilini, hasa kwa aliyekaa juu ya zulia au kuvaa nailoni, unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Shika kipande kwa kingo, usiguse meno. Fungua klipu, linganisha pengo, kisha kandamiza pande zote mbili kwa nguvu iliyo sawa mpaka klipu zijifunge zenyewe kwa mlio. Wanaofanya mara ya kwanza huogopa kukandamiza na kuacha upande mmoja ukiwa juu kidogo. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya mashine kukataa kuwaka baada ya nyongeza.

Ikipiga milio au skrini ikabaki nyeusi, rudia kukiweka kipande. Ikishindikana, jaribu kimoja kimoja, katika nafasi moja kwanza na kisha nyingine, ili ujue kama mgonjwa ni kipande au ni nafasi. Meno yaliyofifia husuguliwa taratibu kwa raba safi ya penseli na vumbi lake kufutwa. Nafasi zenyewe hupulizwa, zisichokonolewe kwa kitu cha chuma. Baadhi ya mashine, zikiwemo za Dell, zitaonyesha ujumbe kwamba kiasi cha memori kimebadilika na kukuomba ubonyeze kitufe ili kuendelea. Hilo si kosa. Ni uthibitisho kwamba imeonekana.

Kuonekana, hata hivyo, hakutoshi kwa RAM ya mtumba. Kipande chenye hitilafu kinaweza kuwasha kompyuta vizuri na kuharibu data kimyakimya, au kuleta skrini ya bluu mara moja kwa siku, kwa muda usiotabirika, mpaka watu waanze kuishuku Windows. Windows yenyewe ina kipimo cha memori, unachokiita kwa kuandika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia, na ipo programu ya bure ya Memtest86+ inayowekwa kwenye flashi na kuendeshwa kabla ya mfumo endeshi kuamka. Iachwe ifanye kazi usiku mzima. RAM isiyo na hitilafu haipaswi kutoa kosa hata moja, na ikitoa, kirudishe kipande dukani kabla muda mliokubaliana na muuzaji haujapita, ukiwa na picha ya skrini inayoonyesha mistari ya makosa.